Mbio za saa 12 usiku kucha, raundi ya mita 1,250: nizipange vipi?

tuktuk_barani

Asalaam aleikum jamaa wa mbio, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, naishi Barani, nina miaka 27. Huu ni mwaka wangu wa nne kukimbia. Nimemaliza nusu marathoni tano na marathoni kamili moja, kwa saa nne na dakika kumi na mbili. Mazoezi yangu ni alfajiri kabla sijaanza kubeba abiria: nashika barabara ya Lamu mpaka daraja la Sabaki, narudi. Jumapili nikipata nafasi nafika Mambrui.

Vijana wenzangu wameandaa mbio za saa 12, mwisho wa mwezi wa nane. Hazina mstari wa mwisho. Tunaanza saa kumi na mbili jioni, tunasimama saa kumi na mbili asubuhi, na kinachoangaliwa ni umezunguka mara ngapi. Njia ni bustani iliyo upande wa bahari, chini ya mivinje. Wameipima kwa gurudumu ikatoka mita 1,250. Nusu ni kabro, nusu ni udongo mgumu wenye mchanga juu, na kuna kona moja kali karibu na lango. Upande mmoja umeelekea bahari moja kwa moja, na kusi bado itakuwa inavuma.

Nataka kilomita 80. Marafiki wananishauri nianze na kasi yangu ya marathoni, nikusanye raundi nyingi nikiwa na nguvu, kisha usiku wa manane nitembee. Juzi nilijaribu saa tatu peke yangu. Nilipata raundi 19, lakini dakika 23 kati ya hizo nilikuwa kwenye kiti nikinywa maji. Si kwamba nilikuwa nimechoka sana. Kiti kilikuwa pale, na kila nikipita nakiona.

Jambo jingine ni sala. Magharibi, Isha na Alfajiri zote ziko ndani ya mbio. Sina nia ya kuziacha, ila naogopa miguu: udhu, soksi mbichi, halafu raundi nyingine. Na chakula sijui nile nini. Na kichwa pia. Ilipofika raundi ya 14 nilikuwa nimeshalichukia lile lango, na siku yenyewe nitaliona mara 64.

Aliyewahi kukimbia mbio za namna hii, naomba anieleze kwa kirefu. Nitasoma kila neno.

mama_mahamri

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye zile dakika 23. Mambo mengine yote uliyouliza yana dawa ndogo ndogo. Hilo la kiti ndilo mbio zenyewe.

Nikwambie kwanza ninaongea nikiwa nani. Nauza mahamri Shella, hii Shella yetu ya Malindi, nina miaka 49. Mbio za muda nimekimbia nne: mbili za saa 6 na mbili za saa 12. Ya mwisho nilifika kilomita 76. Sijafika 80. Lakini najua kilomita nne zangu zilikwenda wapi, kwa sababu mume wangu aliandika kila niliposimama na kila nilipoondoka. Asubuhi tulipojumlisha ikatoka saa moja na dakika 51. Sikumbuki kukaa muda wote huo. Nakumbuka kukaa "kidogo", mara nyingi.

Sasa shika kalamu. Saa 12 ni dakika 720. Kilomita 80 kwenye mita 1,250 ni raundi 64. Ukigawanya, kila raundi ina dakika 11 na sekunde 15, na humo ndani mna kila kitu: mbio, kutembea, kunywa, choo, sala, kamba ya kiatu iliyofunguka. Katika kila raundi kimbia kilomita moja kwa dakika saba na nusu, zile mita 250 zilizobaki tembea kwa dakika mbili na robo tatu. Jumla dakika 10 na robo. Imebaki dakika moja kwa kila raundi, na dakika moja mara 64 ni saa moja na dakika nne. Hiyo ndiyo mali yako yote ya kusimama, usiku kucha. Juzi ulitumia zaidi ya thuluthi yake kwa saa tatu tu.

Kwa hivyo ushauri wa marafiki zako, usiufuate. Ukianza kwa dakika sita kila kilomita, raundi moja ni dakika saba na nusu, unaona umeokoa karibu dakika nne na moyo unafurahi. Lakini mapaja hayasahau. Ikifika saa tano usiku utakuwa unajikokota kwa dakika 15 kila kilomita, yaani raundi ya dakika 18 na robo tatu. Raundi moja ya namna hiyo inameza faida ya raundi mbili za haraka, na zitakuwa nyingi.

Tembea kuanzia raundi ya kwanza kabisa. Hili ndilo gumu kumwambia kijana. Jua halijazama, watu wamekuja kutazama, unajisikia mwepesi, halafu unatembea wenzako wakikupita. Tembea. Na chagua leo mahali pa kutembea, usingoje miguu ikuchagulie usiku. Ikiwa meza ya maji iko karibu na lango, anza kutembea mezani mpaka uvuke ile kona kali. Unachukua kikombe bila kusimama, unakula njiani, na kona kali inapitwa kwa kutembea, haisokoti goti. Mara 64 ni nyingi kwa goti moja.

Kiti sikukatazi kuwa nacho, utakihitaji kwa viatu. Mimi nakiweka nyuma ya meza, nakigeuzia mgongo njia, na juu yake napanga mikoba yangu yote. Nikitaka kukaa lazima kwanza nitoe mikoba, mmoja mmoja. Mara nyingi nikishaondoa wa kwanza nagundua sikuwa na haja ya kukaa.

Sasa lango. Mume wangu hakimbii, yeye ni mtu wa bao. Mbio zangu za kwanza, mji mwingine, wahesabu raundi walinipotezea mbili usiku, na asubuhi sikuwa na ushahidi wowote. Niliumia kuliko miguu ilivyoniuma. Tangu hapo mume wangu anakuja na bao lake, analiweka ubavuni mwa meza ya wahesabu, na kila nikipita anatia kete. Bao lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete zake ni 64. Tia kete mbili kila shimo, kama mnavyopanga bao la kujifunza, na angalia ilivyoangukia: raundi zako 64, kete 64. Kila safu ikijaa ni raundi 16, kilomita 20, na kwa mpango huu ni saa tatu kamili. Safu ya kwanza inajaa saa tatu usiku. Ya pili saa sita. Ya tatu saa tisa. Ya nne inajaa mbio zikiisha.

Na kuna neema nyingine ambayo waandaaji wenu huenda hawakuikusudia. Kwa kuwa mnaanza saa kumi na mbili, saa yetu ya Kiswahili ndiyo saa ya mbio. Ikiwa ni saa nane usiku, umekimbia saa nane. Huhitaji kutoa wala kujumlisha, na usiku ule hata kutoa mbili kwenye kumi ni kazi. Ninayoyafikiria mimi hayazidi safu niliyomo. Mume wangu akiniona natokea kwenye mivinje ananiambia neno moja tu, "ya pili, shimo la tano", nami napita. Lango linakuwa lango tu.

Sala. Mwezi wa nane Magharibi itaingia kama nusu saa baada ya kuanza, Isha baada ya saa moja na nusu, Alfajiri baada ya saa kumi na moja. Chukua udhu nyumbani, uje nao. Ukiweza kuuhifadhi, sala mbili za mwanzo zote zinapita bila kulowesha mguu. Ya Alfajiri ndiyo ya kuangalia, kwa sababu ngozi ya mguu imekaa saa kumi na moja kwenye jasho, imelainika kama unga uliozidi maji, na ukiitia soksini ikiwa mbichi utapata malengelenge saa ya mwisho. Nina taulo dogo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, haliguswi mpaka wakati huo. Nakausha baina ya vidole, kimoja kimoja, napaka mafuta ya mgando, navaa soksi mpya. Weka dakika nane kwa kila sala. Ni 24. Zilizobaki kwenye mali yako ni 40, na hizo zinatosha choo na kubadilisha viatu. Sala sizikimbizi. Dakika zake nazitoa mwanzo kabisa wa hesabu, kabla ya kitu kingine chochote, na usiku nikifika kwenye mswala sijisikii kwamba ninapoteza muda.

Viatu: chukua jozi mbili, na ya pili iwe kubwa kidogo, kwa sababu mguu huvimba. Mimi hubadilisha saa sita. Mchanga wa mivinje unaingia hata usipouona, na zile sindano zake kavu pia. Ukisikia chembe, simama raundi ileile uitoe. Kusubiri raundi tatu ni kununua lengelenge.

Chakula nitakieleza kwa mapana kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Mbio yangu ya kwanza ya saa 12, saa tano usiku nilipita kwa muuza viazi karai, harufu ikanishinda, nikala vinne na ukwaju mwingi wa pilipili. Saa sita vyote vilikuwa chini ya mti. Mafuta na pilipili tumbo la kukimbia haliyawezi, damu yote iko miguuni. Mbaazi pia usiguse, hata ziwe za nani. Ninachokula sasa ni uji wa mchele mwepesi, uliopoa, wenye chumvi ya kusikika na sukari kidogo, nusu kikombe kila raundi ya tatu. Viazi vilivyochemshwa, vikakatwa vidogo, vikachovywa kwenye chumvi. Ndizi mbivu nusu nusu. Tende mbili kila safu ya bao ikijaa. Hamri moja najiruhusu, moja tu, baada ya saa sita, na chai ya tangawizi, nikilimega vipande vinne kwa raundi nne. Nayakaanga mimi mwenyewe na nayapenda, lakini nakwambia: moja.

Anza kula saa ya kwanza, njaa isikukute. Tumbo huanza kufunga duka usiku ukiwa mkubwa, ulichotia mapema ndicho kitakachokubeba.

Mwisho ni usingizi. Miaka 20 sasa naamka saa tisa usiku kukanda unga, kwa hivyo saa hiyo naijua. Baina ya saa nane na saa kumi mwili unashuka, joto la mwili linapungua, hata pwani hapa utasikia baridi kidogo ukiwa umelowa jasho. Fikra zote mbaya zinakuja saa hizo: goti limevunjika, hizi mbio hazina maana, nani alinituma. Usizijibu na usiamue lolote kabla ya saa kumi. Mimi nabadilisha fulana saa nane, nakunywa kikombe kimoja cha kahawa tungu, na naomba mtu aje atembee nami ile sehemu ya kutembea. Kahawa usiinywe mapema, ihifadhi kwa saa hiyo. Ikifika saa kumi na moja na nusu weupe unaanza kuonekana baharini, na hapo utakimbia, hutaamini.

nesi_wa_zamu

Mama amesema mengi ya maana. Mimi naongeza la maji, kwa sababu watu wengi wanalielewa nusu.

Usiku wa hapa kwetu hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka, kwa hivyo mwili haupoi vizuri na unapoteza chumvi nyingi. Watu wakihisi hivyo wanakunywa maji matupu, chupa juu ya chupa. Maji matupu mengi kwa saa nyingi yanapunguza kiwango cha chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari zaidi ya kiu. Dalili zake: vidole vinavimba mpaka pete inabana, kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anaanza kuchanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali, asiongezewe maji. Kunywa kwa kiu. Jipime uzito kabla ya kuanza na tena saa sita usiku. Ukikuta umeongezeka, unakunywa kupita kiasi. Kupungua kidogo si tatizo. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni ndogo, usiyategemee peke yake. Pakiti ya ORS ya duka la dawa, ikichanganywa na kipimo cha maji kilichoandikwa pale pale, inafaa.

La pili nalisema kwa msisitizo. Usimeze vidonge vya maumivu kama ibuprofen au diclofenac katikati ya mbio ili goti linyamaze. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizo zinaumiza figo. Goti likipiga kelele, tembea. Likizidi, acha mbio.

binti_maweni

Mimi pia nimejiandikisha, saa 6 lakini. Mama, nina swali la mavazi. Nikifanya mazoezi na suruali na dira juu, baada ya saa moja dira imelowa na ina uzito wa ndoo. Mtandio nao unanichubua chini ya kidevu. Ulivaa nini?

mama_mahamri

Mwanangu, dira iache nyumbani, pamba ikilowa haikauki. Mimi nilishonesha kanzu fupi ya kufika magotini kwa kitambaa chepesi cha jezi, kile wanachoshonea timu za mpira, mikono mirefu, na suruali ya kubana chini yake ili mapaja yasisuguane. Fundi cherehani yeyote atakushonea. Mtandio uwe wa kitambaa hichohicho, usiwe na pini. Chini ya kidevu, makwapani, mapajani na kwenye mshono wa sidiria paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, si baada ya kuchubuka. Na beba mtandio wa pili mkavu. Ule wa kwanza saa tatu utakuwa umeganda chumvi, ndiyo inayokata ngozi.

mwalimu_wa_amu

Salaam kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Mimi mazoezi yangu ni ya mbele ya bahari, Mkunguni mpaka Shela na kurudi, ambako kinachokupita ni punda tu. Kwa hivyo kurudia njia moja nimekuzoea. Nitazungumza habari za kanuni, maana kijana wa tuktuk hakuziuliza na zinaweza kumgharimu.

Waulize waandaaji mambo matatu mapema. Kwanza, mwelekeo. Mkizunguka upande mmoja saa 12, nyonga na goti la upande wa ndani vinabeba mzigo tofauti na vya nje. Mbio nyingi za namna hii hugeuza mwelekeo kila baada ya saa kadhaa. Waombeni iwe kila saa tatu, itakwenda sambamba na safu za bao la mama. Pili, raundi ya mwisho. Saa ikiisha ukiwa katikati ya mzunguko, je, mita hizo zinahesabiwa? Desturi ni kwamba karibu na mwisho kila mkimbiaji anapewa kijifuko cha mchanga au kijiti chenye namba yake. Honi ikilia anakiweka chini pale alipo, halafu waandaaji wanapita na gurudumu la kupimia. Kama wana utaratibu huo, dakika tano za mwisho usizitupe. Tatu, ukitoka njiani, kwa choo au kwa mswala, unarudi pale pale ulipotokea. Ukikata hata hatua kumi za kona, raundi hiyo si yako.

Kuhusu kuanza polepole, tazama wakubwa wa mchezo. Yiannis Kouros wa Ugiriki alikimbia kilomita 303.506 kwa saa 24 mjini Adelaide mwaka 1997, na hakuna aliyempita mpaka 2021, alipokuja Aleksandr Sorokin wa Lithuania. Mwaka uliofuata, mjini Verona, Sorokin akafikisha kilomita 319.614. Ukigawanya ni kama dakika nne na nusu kila kilomita, mchana na usiku. Kasi hiyo si yetu, lakini angalia: kwa mtu wa kiwango chake dakika nne na nusu ni kasi ya chini sana. Alichokifanya ni kutosimama.

Na anayechukia lango ajue kwamba kule New York kuna mbio za maili 3,100 zinazozunguka mtaa mmoja tu, wa mita 883. Ni raundi 5,649, kwa muda wa siku 52, na watu wanamaliza.

tuktuk_barani

Mama, nesi, mwalimu, Mungu awalipe. Nimeandika yote kwenye daftari la mafuta ya tuktuk.

Jana usiku nilirudi bustanini nikajaribu mpango wa mama, saa tatu. Kilomita moja mbio, mita 250 kutembea, kiti sikuja nacho kabisa. Raundi tano za kwanza nilitaabika kwa kutembea, nilihisi kama nimefunga breki ya mkono. Nilikata raundi 16 na dakika nne zikabaki. Ni tatu chini ya zile 19 za juzi, lakini leo asubuhi nimeshuka ngazi bila kushika ukuta, na juzi sikuweza. Uji wenye chumvi ulikubali. Tende ya tatu ilikataa, nitaishia mbili kama ulivyosema.

Waandaaji nimewauliza. Mwelekeo wamekubali kuugeuza kila saa tatu. Mita za mwisho walikuwa hawajazifikiria, sasa wanatafuta vijifuko. Mswala utatandikwa hatua chache kutoka kwenye njia, karibu na tangi la maji.

Limebaki moja. Msaidizi wangu ni mdogo wangu, ana miaka 15, mchapakazi, lakini nyumbani hatuna bao. Nifanye kwa mawe?

mama_mahamri

Mawe yatamchanganya gizani, na mtoto wa miaka 15 saa tisa usiku atakuwa anasinzia. Bao lina mashimo, hata akisinzia akiamka ataona alipofika. Nimezungumza na mzee hapa. Siku hiyo anacheza Mambrui na bao la wenzake, kwa hivyo letu litakuwa bure. Pita Alhamisi baada ya Alasiri, ulichukue pamoja na taa ndogo ya kulimulika. Kete zihesabu mbele yake kabla hujaondoka, ziwe 64 kamili, yeye ni mkali sana kwa hilo.

Na huyo mdogo wako mwandalie kazi ya kila saa, si kukaa tu. Saa moja ajaze vikombe, saa mbili akate viazi, na kila raundi atie kete na akutajie shimo kwa sauti. Mpe na blanketi. Kuanzia saa nane nitakuwa macho, unga naukanda saa tisa. Nikishauacha uumuke nitakuja na kahawa, nitembee nawe zile mita 250 mara mbili tatu kabla sijarudi kwenye karai.